Kofia Aliyotupiwa Rourell

Valbrune, Julai 3, 1951

Barua ya wifi yangu Petra imefika leo. Ilifunguliwa njiani ikabandikwa tena kwa gundi mbaya. Mahakama ya kijeshi kule Hispania imemhukumu kifo mdogo wangu Evaristo. Petra ameliandika neno lenyewe kwa herufi ndogo kuliko mengine yote, kama mtu anayenong'ona. Bado inasubiriwa saini ya mkuu wa nchi. Wakili anasema inaweza kuchukua miezi mitatu, na inaweza kuchukua wiki tatu.

Nilimpa mume wangu Ginés aisome. Akaisoma akiwa wima, akaikunja, akatoka uani kupasua kuni. Ni Julai. Nani anahitaji kuni?

Julai 4

Joto. Nimechora majani ya mzeituni kwenye sahani kutwa nzima. Mkono unachora wenyewe.

Julai 6

Nimeiandikia kamati ya wakimbizi wenzetu kule Marseille, nao wamejibu upesi. Wanasema telegramu mia za watu kama sisi kwa mkuu wa nchi hutupwa kapuni, lakini moja yenye jina la Anselm Rourell itawekwa mezani, kwa kuwa magazeti ya dunia nzima yatauliza. "Wewe unaishi mji mmoja naye," wameandika. "Mfikie."

Mji mmoja naye! Kama vile kuishi chini ya jua ni kulishika. Kweli Rourell ni Mhispania mwenzetu, alikimbia kama sisi. Lakini yeye picha zake zinatundikwa kwenye majumba ya wafalme, na sisi tunaishi vyumba viwili nyuma ya tanuri. Kila Alhamisi anakuja karakana yetu ya ufinyanzi kuchora vyungu, na siku hiyo Bwana Rostan, mwenye karakana, huvaa tai na kutufukuzia chumba cha nyuma kama kuku.

Julai 12

Alhamisi. Nilijificha nyuma ya rafu za sahani mbichi. Rourell alipoingia nilijitokeza, na Bwana Rostan akanidaka kiwiko.

"Casilda, una wazimu? Mwache mzee afanye kazi."

"Nina neno moja tu naye, Bwana Rostan."

"Kila mtu ana neno moja naye. Mwokaji mikate ana neno moja. Padri ana neno moja. Ukimchosha akahamia karakana ya jirani, sote tutakula udongo."

Nilirudi chumba cha nyuma. Nilivunja sahani mbili, na si kwa bahati mbaya.

Julai 13

Ginés aliniuliza kama nilifanikiwa. Nikamwambia hapana. Maongezi yetu yaliishia hapo. Tangu Evaristo aondoke vuli iliyopita, mimi na mume wangu tunazungumza habari za chumvi na mkate tu. Evaristo alikaa kwetu mwaka mzima, kisha akaamua kuvuka milima kurudi Hispania na makaratasi ya chama kilichopigwa marufuku. Alimtaka Ginés waende pamoja. Ginés alikataa. Alisema, "Nimeshavuka milima ile mara moja, inatosha." Mdogo wangu akaenda peke yake, akakamatwa. Sijamsamehe mume wangu, na anajua.

Julai 19

Nimemfikia! Bwana Rostan alikuwa kwenye simu. Rourell alikuwa amekaa juu ya gunia la udongo akila pichi, maji yakimchuruzika kidevuni. Nilimsalimu kwa Kihispania. Akainua uso.

"Wewe ni wa Aragón," akasema. "Mnaongea kama watu wanaobishana na nyumbu."

"Ni kweli, Maestro. Na nyumbu hushindwa."

Akacheka sana. Nikampa barua niliyoandika mara tano. Nikamwambia inamhusu mdogo wangu, yuko gerezani, aisome akiwa na nafasi. Kicheko kikamwisha. Aliifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaupiga mfuko kofi dogo.

Leo nimekula hadi nikashiba. Ni mara ya kwanza tangu mwanzo wa mwezi.

Julai 26

Rourell hakuja.

Agosti 2

Hakuja tena. Baada ya kazi nilipanda kilima hadi nyumbani kwake. Msimamizi wa nyumba yake, Bi Hortense, ni mwanamke mkavu ambaye hufungua lango upana wa uso wake tu. Alinirudishia barua yangu. Bahasha ilikuwa imefunguliwa.

"Ameisoma?"

"Ameisoma. Bwana hasaini."

"Hasaini barua hii, au hasaini chochote?"

"Mama, mimi nimeagizwa maneno mawili nikuambie, nimekuambia."

Akafunga lango. Nilikaa kwenye jiwe la barabarani. Mimi sijapata kumlaani mtu mzima mwenye mvi. Leo nimemlaani.

Agosti 5

Mvua hakuna tangu Juni. Udongo unapasuka kabla haujafika tanurini.

Agosti 9

Petra ameruhusiwa kumwona Evaristo dakika kumi. Watu wawili wa chumba chake wamechukuliwa alfajiri na hawakurudi. Evaristo amegawa viatu vyake, amempa mfungwa kijana asiye na viatu, naye anavaa kandambili alizosuka kwa kamba. "Anasema ni kwa ajili ya joto," ameandika Petra. Petra si mjinga, na mimi pia si mjinga. Mtu hugawa viatu akishajua haendi mbali.

Agosti 11

Mji mzima umebandikwa matangazo mekundu. Septemba 2 Rourell anatimiza miaka sabini, na meya anamfanyia mchezo wa fahali kwenye uwanja wa soko. Kutajengwa jukwaa la mbao, bendi ya zimamoto itapiga, mpambanaji ataletwa kutoka Nîmes. Mafahali hawatauawa, meya hataki damu mjini kwake. Bwana Rostan anatengeneza sahani elfu moja zenye picha ya fahali, za kuwauzia wageni. Mimi ndiye ninayechora pembe.

Pembe. Pembe. Pembe. Huku wenzangu wa karakana wanapiga miluzi.

Agosti 14

Leo lazima niandike kwa kirefu.

Tulikuwa tunakula. Ginés akaweka kijiko chini. "Fahali wa tatu ni wetu," akasema.

"Wetu nani?"

"Wahispania wa mji. Meya anataka mmoja wetu aingie naye uwanjani, kumfurahisha mzee. Nimejiandikisha."

Nilidhani ni mzaha. Ni kweli ujanani Ginés alikuwa akizunguka sherehe za vijijini, akiwachomeka mafahali mishale ya mapambo mabegani. Lakini sasa ana miaka arobaini na saba, na goti lake la kulia lilisagika vitani.

"Na hilo goti?" nikauliza.

"Goti litaona litakavyofanya."

"Ginés, watu wanakufa kule, na wewe unataka kucheza?"

Hakupandisha sauti. Hapandishi sauti kamwe, na hiyo ndiyo inayonitia hasira. "Casilda, nisikilize. Anayeingia uwanjani ana haki ya kumtunuku mtu fahali wake. Anasimama mbele yake, anasema maneno yake hadharani, anamtupia kofia. Hakuna Hortense, hakuna Rostan, hakuna lango. Na aliyetunukiwa lazima airudishe kofia na kitu ndani yake. Lazima. Hata mfalme hukaa na kofia ile mapajani hadi mwisho. Mzee yule amekulia kwenye viwanja vya fahali. Hawezi kuirudisha tupu."

Nilimtazama mume wangu kama mtu aliyeingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza.

"Umewaza hili tangu lini?"

"Kumfikia mzee, tangu ulipovunja zile sahani mbili. Kofia, tangu matangazo."

Agosti 20

Anafanya mazoezi uani na kitambaa cha meza. Mimi nashika kiti na kumkimbilia, miguu ya kiti ndiyo pembe. "Njoo kwa hasira," ananiambia, "unakuja kama mtu anayehamisha samani." Leo tulicheka, kisha kila mmoja akaona haya kwa kucheka.

Akigeukia kulia, goti linachelewa. Nimeliona. Sikusema.

Agosti 23

Hakuna barua.

Agosti 27

Hakuna barua. Nimemuuliza tarishi mara mbili, akadhani nimechanganyikiwa.

Agosti 31

Nimeishona barua ndani ya bitana ya kofia, kisha nikaifumua nikaishona upya, sehemu moja ikiwa wazi ili karatasi ichungulie. Ndani nimeweka na fomu ya telegramu, maneno nimeshayaandika, mahali pa saini pakiwa tupu. Nilimwambia Ginés anaweza kuacha. Nilimaanisha. Akasema kofia inambana, na nisishone tena.

Septemba 2

Nikiandika sasa hivi mikono yangu ina harufu ya dawa ya zahanati. Nitajaribu kufuata mpangilio.

Uwanja wa soko ulijaa tangu saa sita. Watu walikaa juu ya mapaa, watoto wakining'inia kwenye miti kama matunda. Rourell aliingia na shati jeupe, akapigiwa makofi mpaka akaziba masikio kwa mzaha. Wakamkalisha katikati ya jukwaa, meya kulia, Bi Hortense kushoto. Mpambanaji wa Nîmes alicheza na mafahali wawili vizuri, Rourell akisimama na kupiga kelele kama kijana. Nilimchukia kwa furaha yake. Nilikuwa mstari wa mbele pamoja na Wahispania wenzangu, nikiuma leso.

Kisha tarumbeta, na Ginés akaingia.

Suruali ya kuazima, fupi. Koti la kuazima, pana. Watu wakacheka, si kwa ubaya. "Babu, umepotea njia!" akaita mtu mmoja. Ginés hakuwatazama. Alitembea pole, bila kuchechemea, na mimi peke yangu nilijua kinachomgharimu. Akasimama chini ya jukwaa, akavua kofia. Bendi ikanyamaza.

Akasema kwa Kihispania, kwa sauti ambayo sijapata kuisikia katika miaka ishirini ya ndoa:

"Maestro, fahali huyu ni wa Evaristo Lanuza, shemeji yangu, aliyehukumiwa kifo na ambaye bado yu hai leo mchana. Aliniomba niende naye, sikwenda. Ndani ya kofia mna barua. Wewe unazijua desturi zetu. Nangojea jibu."

Akarusha kofia. Ikaangukia mapajani mwa Rourell.

Na watu wote wakashangilia! Wafaransa hawakuelewa hata neno moja. Meya alipiga makofi mpaka akasimama. Bendi ikaanza tena kwa furaha. Kati ya watu elfu tatu, labda thelathini tulielewa, na sisi thelathini tulikaa kimya kama tuko msibani. Rourell alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa na rangi ya udongo uliokauka.

Fahali akatoka. Ginés alipiga goti moja, akampitisha chini ya kitambaa mara moja, mara mbili, mara tatu. Kicheko cha watu kikafa, wakaanza kuitikia kila mpito kwa sauti moja. Mume wangu alikuwa mzuri. Nataka liandikwe mahali fulani: mume wangu alikuwa mzuri. Mara ya saba fahali alikuja kulia. Ginés akageuka, goti halikugeuka naye. Nilisikia pembe inaingia, au labda nilisikia sauti yangu mwenyewe.

Walimtoa akiwa amelala kwenye mlango wa mbao ulioondolewa stoo ya soko. Paja la kulia. Damu ambayo meya hakuitaka ilimwagika mpaka langoni. Niliruka ukuta nikakimbia kando yake. Alikuwa na fahamu zake.

"Amejibu?" akaniuliza.

Wakati huo Bi Hortense akanifikia mbio, amebeba kofia. Niliifungua palepale. Barua yangu ilikuwa imesomwa na kukunjwa tena. Fomu ya telegramu haikuwa na saini. Na juu yake palikuwa na kipande cha karatasi, kimechorwa kwa kalamu: fahali na mtu aliyepiga goti. Chini imeandikwa, "Kwa shujaa. Rourell."

Watu wakanizunguka. Bwana Rostan akanishika mabega, macho yamemtoka. "Casilda! Unajua ulichoshika? Hii ni bei ya nyumba! Hii ni nyumba yenye bustani!"

Nikamwambia Ginés, "Amejibu." Akafumba macho, akatabasamu. Sikuweza kumwambia zaidi.

Daktari amefanya kazi kwa saa mbili. Atapona. Kuhusu mguu, hajui.

Septemba 3

Saa tatu asubuhi nilikuwa langoni kwa Rourell. Bi Hortense alifungua upana wa uso wake. Nilisukuma. Sijui nguvu niliipata wapi, lakini alikaa chini kwenye kokoto na mimi nikapita.

Rourell alikuwa jikoni, hajanyoa, mbele ya kahawa iliyopoa. Nikaweka mchoro wake mezani.

"Sikuja kuomba fahali."

"Mumeo anaendeleaje?"

"Ana tundu la kuingiza ngumi. Nilikuomba jina, Maestro. Herufi chache. Unaliandika kwenye sahani, kwenye chupa, kwenye leso za wahudumu wa hoteli. Kwa nini hutaki kulitoa kwa mtu anayekufa?"

Akafungua droo, akatoa kipande cha gazeti. Mwaka juzi, akasema, alisaini kwa ajili ya mwalimu mmoja wa shule, alitaka hata magazeti ya London yaandike. Siku mbili baada ya telegramu kufika, mwalimu akapigwa risasi. Mama yake mwalimu alimtumia Rourell kipande hicho cha gazeti. Bila barua. Bila neno.

"Kule wananichukia mimi kuliko wanavyomchukia mdogo wako," akasema. "Jina langu ni sumu, binti. Nikiligusa jina la mtu, naliua. Unafikiri nalala?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kiburi, nikajiandaa kwa uchoyo. Kwa hili sikujiandaa. Nikavuta kiti nikakaa bila kukaribishwa. Niliwaza kandambili za kamba. Niliwaza huenda anasema kweli, na kwamba mimi ndiye nitakayemuua Evaristo, kwa mkono wangu, jikoni hapa.

"Bila jina lako watamuua tu," nikasema mwishowe. "Tofauti ni siku."

"Siku pia ni kitu."

"Kwa anayezingojea, Maestro? Kila alfajiri mlango unafunguliwa. Kila alfajiri."

Akafunika uso. "Akipigwa risasi utanichukia maisha yako yote."

"Nakuchukia tangu Agosti mbili. Huna cha kupoteza kwangu."

Akanitazama kupitia vidole vyake. Nadhani alitaka kucheka, ila kilichotoka hakikuwa kicheko. Akanyoosha mkono. Nikampa fomu. Alisaini polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika, kisha akaniambia nisome kwa sauti maneno yatakayokwenda, neno kwa neno, naye akabadilisha moja tu: niliandika "naomba", akaandika "nataka".

Nilikwenda posta moja kwa moja. Mchoro niliuacha mezani.

Septemba 5

Nimemweleza Ginés yote. "Ungenionyesha walau," akasema. "Mara moja tu nimechorwa maishani."

Septemba 8

Homa ya Ginés imepanda. Hakuna barua.

Septemba 9

Daktari anasema kidonda kimeoza kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Hasemi.

Septemba 14

Upepo wa kaskazini umeanza, unapiga madirisha kama mdai. Ginés anaweweseka, anamwita Evaristo, anamwambia amngoje njiani. Nilimshika mkono, nikamwambia alichofanya vuli ile sicho ninachokiona tena nikimtazama. Sijui kama alisikia. Nitamwambia tena akiwa mzima.

Septemba 15

Nimemwambia tena. Alisikia mara ya kwanza, mwizi huyu.

Septemba 20

Alhamisi. Rourell amekuja karakana. Hakuchora. Alikaa, akanitazama mlangoni, nikatikisa kichwa. Akaondoka.

Septemba 22

Mvua hatimaye. Nimesikia mtu barabarani akimshukuru Mungu. Mimi nimemwambia Mungu kwamba sina la kumwambia.

Septemba 25

Siku ishirini na mbili. Yule mwalimu alipewa mbili. Sijui kama hesabu hii ni ya matumaini au ya mjinga.

Septemba 27

Telegramu. Tarishi alinikuta kwenye meza ya kazi, brashi mkononi. Sikuweza kuifungua. Nilimwangalia Bwana Rostan, naye, yule aliyenivuta kiwiko, akaichukua akaifungua na kunisomea:

"Yu hai. Kifo kimefutwa. Miaka thelathini. Petra."

Evaristo ana miaka thelathini na minane. Nilijumlisha. Nikajumlisha tena, kana kwamba hesabu ingenihurumia. Kisha nikakaa sakafuni kwenye vumbi la udongo na kulia kwa sauti, na wanawake wa karakana wakanishika kichwa.

Rourell alipofika mchana nilimpa karatasi. Akaisoma mara nyingi.

"Ni kwa sababu ya jina langu?" akauliza.

"Sijui, Maestro."

"Na mimi sitajua." Akanirudishia. "Wala yule mwalimu, sitajua kama ni mimi niliyemuua."

Nilimletea maji. Akanywa, akaomba sahani, akairudisha bila kuichora, na Bwana Rostan akampeleka nyumbani kwa gari.

Septemba 30

Gereza limeruhusu barua moja, ukurasa mmoja, mambo ya nyumbani tu. Niliandikia pembeni ya kitanda cha Ginés. Mguu hautakunjika tena, daktari amesema wazi sasa.

"Nimwambie nini?" nikamuuliza.

"Mwambie kuhusu fahali."

"Watakata maneno."

"Fahali ni mambo ya nyumbani. Mwambie alikuwa mkubwa."

"Ginés, alikuwa mdogo kuliko nyumbu wa baba yangu."

"Huko gerezani nani atajua?" Akageuza uso ukutani, na nikaona masikio yake yamekuwa mekundu. "Mwandikie alikuwa mkubwa, Casilda."

Nikachovya kalamu. "Mdogo wangu mpenzi," niliandika, "mwezi huu Ginés ameingia uwanjani kwa ajili yako, na fahali alikuwa mkubwa sana."